Jicho Lijengwavyo Tumboni: Kwa Nini Mtoto Mwenye Ualbino Haoni Mbali



Katika vijiji vyetu vya Unyamwezi, toka Tabora mpaka Urambo, Kaliua na Ulyankulu, wengi wenu mwamjua mtoto aliyezaliwa na ngozi nyeupe na nywele za rangi ya mchanga, hali baba na mama yake ni weusi kama sisi sote. Mwamwona shuleni ameinamia daftari hata pua yagusa karatasi. Mwamwona mchana akitembea amekunja macho. Wazee hukutana naye njiani, naye apita bila kusema "mwangaluka," nao hunung'unika kwamba hakufundishwa adabu. Mwalimu husema ni mvivu. Wengine, kwa sauti ya chini, husema ni laana ya ukoo.

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya macho ya mtoto huyo. Kwamba ngozi yake huungua na jua, hilo lajulikana. Lakini ni wachache wajuao kwa nini haoni mbali, na kwa nini hata akipewa miwani bado haoni kama wenzake. Sababu yake ilianza zamani, mama yake alipokuwa na mimba ya majuma machache tu. Someni mpaka mwisho, kisha wasomeeni na wale wasiojua kusoma, maana jambo hili limevunja ndoa na kumwaga damu katika nchi yetu.

KITABU KIMOJA, KURASA NYINGI

Padre ajapo kigangoni kuadhimisha Misa, huja na Misale. Ndani ya kitabu hicho mna Misa za mwaka mzima: za Majilio, za Noeli, za Kwaresima, za Pasaka, na za watakatifu. Lakini hazisomi zote siku moja. Hufungua ukurasa wa siku hiyo, na kurasa nyingine hubaki zimefungwa hata siku yake ifike.

Mwili wa mtu nao una kitabu chake. Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo ni nyingi mno. Karibu kila seli ina ndani yake maagizo ya mwili mzima. Agizo moja moja huitwa jeni, na mtu ana jeni zipatazo 20,000. Seli ya ini ina jeni za jicho, na seli ya jicho ina jeni za ini. Bali kila seli husoma kurasa zake tu. Jeni isomwapo, twasema inafanya kazi. Isiposomwa, imelala.

Tena kitabu hiki kila mtu anacho katika nakala mbili: nakala moja imetoka kwa baba, nakala ya pili imetoka kwa mama. Lishikeni neno hili, maana tutalihitaji huko mbele.

JICHO HUJENGWA KWA ZAMU

Katika juma la nne tangu mimba kutungwa, pengine mama mwenyewe hajajitambua bado. Lakini katika ubongo wa mtoto, ambao ndio kwanza unachipuka, huchomoza vifuko viwili vidogo, kimoja kila upande. Huo ndio mwanzo wa macho. Miongoni mwa kurasa za kwanza zinazofunguliwa ni jeni iitwayo PAX6. Jeni ya namna hiyo imo hata katika panya na nzi, nayo huko pia hushughulika na kujenga macho. Kwa binadamu, ikiwa na kasoro, mtoto aweza kuzaliwa bila ule mduara wa rangi uzungukao mboni.

Baadaye kila kifuko hukunjika kikawa kama kikombe chenye kuta mbili. Ukuta wa ndani ndio uwao retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho, mwembamba hata unene wake haufiki nusu milimita. Retina ndiyo ipokeayo mwanga na kuugeuza kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Ukuta wa nje huwa safu moja tu ya seli, na safu hiyo hutengeneza rangi nyeusi iitwayo melanini. Yapata juma la tano safu hiyo huanza kuingia weusi. Fikirini: mtoto hajapita ukubwa wa punje ya hindi, ngozi yake haijapata rangi yo yote, lakini jicho lake limekwisha anza kupata weusi wake.

Seli za retina nazo hazizaliwi zote pamoja. Hutangulia zile ambazo nyuzi zake zitapeleka habari ubongoni. Seli za kuonea mchana na kutambua rangi nazo huanza mapema, na nyingi za zile za kuonea gizani hufuata nyuma. Retina iliyokamilika ina seli za gizani zaidi ya milioni 100, na za mchana kama milioni 6. Kila kundi huwa na kurasa zake za kusoma, na wakati wake wa kuzisoma. Babu zetu Wanyamwezi waliokuwa wapagazi katika misafara ya Unyanyembe na Ujiji walilijua jambo hili: msafara huenda vema kila mtu akijua mzigo wake na nafasi yake katika mstari.

Katikati ya retina hujengwa kishimo kidogo sana. Hapo zimesongamana seli za mchana peke yake. Kishimo hicho ndicho tukitumiacho kusoma, kutia uzi katika tundu la sindano, na kutambua uso wa mtu ajaye kwa mbali. Huanza kuchimbika yapata mwezi wa sita wa mimba, wala hakikamiliki siku ya kuzaliwa. Huendelea kutengenezeka miaka kadhaa mtoto akiwa tayari anatembea.

RANGI NYEUSI INA KAZI GANI?

Mtu aweza kudhani weusi ulio ndani ya jicho ni pambo tu, tena pambo lisiloonekana. Kumbe una kazi kubwa. Kwanza, hunyonya mwanga uliozidi, usirukeruke ndani ya jicho na kuichafua picha. Pili, na hili ndilo la ajabu, wakati jicho linapojengwa, kazi ya kutengeneza melanini husaidia kuiongoza retina ijengwe sawasawa. Melanini isipotengenezwa ya kutosha, mambo mawili huharibika.

Jambo la kwanza ni kile kishimo. Hakichimbiki vema, na seli za mchana hazisongamani pale inavyotakiwa. Kwa hiyo mtoto hukosa mahali pa kuonea vitu vidogo na vya mbali. Uso autambuao mwenzake kwa hatua sitini, yeye hana budi kuusogelea, pengine mpaka hatua kumi na tano, pengine mpaka hatua sita.

Jambo la pili, watu wa Kaliua watalielewa upesi kuliko wengine. Gari moshi litokalo Tabora likifika Kaliua, hapo njia yagawanyika: reli moja yaendelea Kigoma, na nyingine yashika kusini kwenda Mpanda. Lazima kila behewa lipelekwe kwenye reli yake. Macho nayo yana njia panda yao chini ya ubongo. Kila jicho hutoa nyuzi kama milioni moja. Zikifika penye njia panda hiyo, nusu hivi huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo, na zilizosalia hubaki upande wake. Hivyo kila upande wa ubongo hupata habari za macho yote mawili, ukazilinganisha, na mtu akajua kwamba hiki ki karibu na kile ki mbali. Kwa mtoto mwenye ualbino, nyuzi nyingi mno huvuka, kana kwamba mabehewa ya Mpanda yamepelekwa Kigoma. Kwa hiyo ni shida kwake kupima umbali wa vitu.

Sasa dalili zote mwaweza kuzifahamu. Macho huchezacheza bila kutulia, na hayo huonekana tangu miezi ya kwanza. Wengine huwa na makengeza. Hukunja macho juani, maana hata mduara wa mbele hauna weusi wa kutosha kuzuia mwanga. Husogeza kitabu puani, nako kusogeza huko hakumdhuru. Ndiyo njia yake ya kusoma.

Miwani je? Yafaa, maana wengi wao wana kasoro nyingine za macho ambazo miwani huzirekebisha. Lakini miwani hurekebisha mwanga uingiao tu. Haiwezi kuchimba kishimo ambacho hakikuchimbwa tumboni, wala kuzirudisha nyuzi kwenye njia yake. Hata hivyo iko faraja: hali hii si maradhi yenye kuzidi mwaka hata mwaka. Kwa kawaida, mtoto mwenye ualbino hawi kipofu kwa sababu ya ualbino wake.

UKURASA ULIOKATIKA

Ni ukurasa gani basi ulioharibika? Hapa kwetu, mara nyingi ni jeni iitwayo OCA2. Melanini hutengenezwa katika vifuko vidogo mno vilivyomo ndani ya seli. OCA2 ni agizo la kujenga mlango wa vifuko hivyo, mlango usaidiao kuzuia uchachu usizidi humo ndani. Uchachu ukizidi, kimeng'enya kitengenezacho melanini hakifanyi kazi vema, na rangi hupatikana kidogo tu. Ndiyo maana nywele za wengi wao si nyeupe kabisa, bali zina umanjano.

Mwaka 1995 wataalamu walitangaza uchunguzi wao juu ya Watanzania wenye ualbino. Waliona kwamba kasoro iliyo nyingi miongoni mwao ni moja: katika maandishi ya jeni ya OCA2, kipande cha herufi kama 2,700 kimekatika. Kasoro hiyo hiyo imeonekana pia kwa watu wa kusini mwa Afrika. Maana yake ni kwamba ilitokea zamani sana katika bara letu, nasi twarithishana tangu enzi za mababu tusiowajua hata majina.

HESABU YA URITHI

Kumbukeni zile nakala mbili. Mtu mwenye nakala moja iliyokatika na moja nzima ana rangi yake kamili na macho mazima, maana nakala nzima yatosha. Hana dalili, wala hajui. Lakini watu wawili wa namna hiyo wakioana, katika kila mimba mtoto aweza kupokea nakala mbovu kwa baba na nakala mbovu kwa mama. Uwezekano wake ni 1 kati ya 4. Msidhani kwamba wakizaa watatu weusi, wa nne lazima awe na ualbino. Kila mimba huanza hesabu yake upya.

Hapa Tanzania yakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni kama 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Ukifanya hesabu kwa kadirio letu, utaona kwamba mtu 1 kati ya 19 hivi anabeba nakala moja mbovu pasipo kujua. Katika kanisa lenye waumini 200, yapata kumi wanaibeba. Labda ni mwenyekiti wa jumuiya, labda ni mwalimu wa kwaya, labda ni wewe unayesoma.

Basi, baba, sikiliza neno hili. Mtoto wa namna hiyo akizaliwa nyumbani mwako, nakala moja ameipokea kwako. Mkeo hakuzini na Mzungu, hakurogwa, wala hakula kitu kibaya alipokuwa na mimba. Kumfukuza ni kumdhulumu kwa jambo ambalo ninyi wawili mmelileta sawasawa, wala hakuna kati yenu aliyelitaka. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Bwana wetu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye ama wazazi wake. Bwana aliwajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Mkristo akisema habari za laana, na akumbuke jibu hilo.

DAMU ILIYOMWAGWA

Uongo juu ya ualbino haukuishia katika masengenyo. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 habari za mauaji zilienea, hasa katika mikoa ya Ziwa na hii yetu ya magharibi. Makumi ya watu waliuawa, wengine walikatwa viungo wakiwa hai, na watoto walikuwamo. Mwezi Septemba 2009, hapo Kahama kwa jirani zetu, Mahakama Kuu iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumwua mtoto wa miaka 14. Mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli.

Biashara hiyo ya shetani yasimama juu ya uongo mmoja: kwamba katika mwili wa mtu mwenye ualbino mna kitu cha ziada kiletacho utajiri. Nanyi mmeona ukweli. Hakuna kilichozidi. Pamepungua herufi 2,700 katika agizo la kutengeneza rangi, basi. Mfupa wake ni mfupa kama wako, na damu yake ni damu kama yako. Wala si kweli kwamba watu hawa hawafi, bali hutoweka. Hufa kama sisi, na kinachowaua wengi ni saratani ya ngozi iletwayo na jua, ambayo yaweza kuzuiwa.

MAMBO YA KUFANYA

Wazazi na walimu, haya ndiyo yatupasayo.

Kwanza, mtoto akionekana na dalili tulizozitaja, apelekwe mapema kwa daktari wa macho. Mjini Tabora iko Hospitali ya Mkoa ya Kitete, na Mwanza iko Bugando, hospitali ya Kanisa. Imani haigombani na dawa. Dokta Adrian Atiman wa Karema alikuwa daktari na katekista kwa pamoja, akatumika hivyo zaidi ya miaka sitini mpaka alipofariki mwaka 1956.

Pili, shuleni aketishwe mstari wa mbele, dirisha liwe nyuma yake, naye aruhusiwe kuusogelea ubao. Mwalimu asome kwa sauti yale anayoyaandika. Wakati wa mitihani ya taifa, yako maandishi makubwa kwa wanafunzi wenye uoni hafifu. Lakini ni lazima shule itoe habari zake mapema.

Tatu, ngozi. Mvalisheni kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu, na suruali ama gauni refu, hata siku za mawingu. Msimpeleke shamba la tumbaku jua likiwa la utosi. Apewe kazi za alfajiri na za jioni, ama za kivulini. Yako mafuta ya kukinga jua yaliyobuniwa kwa ajili yao huko Moshi, katika hospitali ya KCMC. Ulizeni hospitalini jinsi ya kupata mafuta ya namna hiyo. Kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa usoni, masikioni au shingoni kipelekwe hospitali bila kungoja.

Nne, jina. Wao wenyewe wamekataa kuitwa zeruzeru, maana ni jina la dharau. Mwiteni kwa jina lake la ubatizo.

Tano, ulinzi. Mtoto asitumwe peke yake njia za porini. Jumuiya ipange watu wa kufuatana naye shuleni. Atakayesikia maneno ya kutafuta kiungo na anyamaze, damu ile itadaiwa kwake pia. Na aende polisi siku ile ile.

WAMEFIKA MBALI

Asiwepo atakayesema kwamba kumsomesha mtoto huyo ni kupoteza ada. Chama cha Albino Tanzania kilianzishwa mwaka 1978 na watu wenyewe. Mwaka 2008 Bibi Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa Mbunge. Mwaka 2010 Bwana Salum Khalfan Bar'wani alichaguliwa kwa kura za wananchi wa Lindi Mjini. Dokta Abdallah Possi, mwanasheria, aliteuliwa Naibu Waziri mwaka 2015, kisha akaenda kuwa Balozi wetu Ujerumani. Hawa wote wana ualbino. Na tangu mwaka 2015 dunia nzima huadhimisha tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuwakumbuka watu wenye ualbino. Yafaa siku hiyo itajwe hata katika vigango vyetu.

Ndugu wasomaji, jicho la kila mmoja wetu lilijengwa gizani, ukurasa kwa ukurasa, na hakuna aliyeulizwa achague kurasa zake. Aliyepata nakala nzima hakuistahili kuliko mwenzake. Basi mtoto yule akipita njiani bila kukuamkia, usinung'unike. Hakuuona uso wako. Tangulia wewe: mwite kwa jina, umtajie na jina lako, kisha umsalimu. Utaona jinsi atakavyoitikia kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake.